Kisiki cha Kongwa: ardhi kavu inavyotufundisha kulima na kula

Ukienda Kongwa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Oktoba, utadhani ardhi imekata roho. Mibuyu imebaki matawi matupu, mabua ya msimu uliopita yamekwisha kuliwa na mifugo, na upepo ukivuma unanyanyua vumbi jekundu hadi huoni mbele. Katikati ya mashamba kuna visiki vya urefu wa goti, vilivyokatwakatwa kwa kuni na mkaa mwaka baada ya mwaka. Mpita njia ataviona kama takataka zinazosubiri kung'olewa.

Mkulima anayejua huchuchumaa. Kwenye kisiki kimoja kuna machipukizi kumi, pengine kumi na matano, yamesongamana kama njiti za ufagio. Anachagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine anayakata kwa panga kali, kwa mshazari, ili maji yasituame kwenye jeraha. Yale aliyoyabakiza anayapogoa matawi ya chini, kisha anayafunga kipande cha kitambaa. Kitambaa hicho ni ujumbe kwa mchunga ng'ombe na mkata kuni kwamba hapa pana mwenyewe, na chipukizi hili linakuzwa. Kazi hiyo inaitwa kisiki hai.

Siri iko chini. Mche wa kitaluni ukipandwa kwenye ardhi kama hii unaanza maisha na mizizi ya urefu wa kiganja, na jua la Januari linaukuta bado unatafuta maji. Kisiki kina mizizi ya miaka mingi, iliyokwisha kufika mahali penye unyevu. Kikipewa nafasi, ndani ya misimu michache kinatoa kivuli, majani yake yanaanguka na kulainisha udongo, na kasi ya upepo shambani inapungua. Huko Niger, njia hii ilienezwa kuanzia miaka ya 1980 na mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo, na imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5. Mkoani Dodoma imeenezwa na taasisi ya LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit, kijiji kwa kijiji.

Naanza na visiki kwa sababu Kongwa ina historia navyo. Katika wilaya hii hii, zaidi ya miaka 70 iliyopita, visiki vilitangaziwa vita.

Vita vya karanga

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ina upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kutafuta ardhi ya kulima karanga. Ujumbe ulizunguka kwa wiki 9 tu. Ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ianzie Kongwa.

Mwaka 1947 mitambo ikaanza kushuka. Yalikuja matrekta, vikaja vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, ikaja minyororo mizito ya nanga za meli iliyofungwa kati ya mitambo miwili ili iburute na kung'oa kila mti uliosimama. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ikakataa kutoka. Udongo wenye mchanga ukala majembe. Mvua ilipokatika, mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kama tofali la kuchoma, karanga zikanasa humo humo ardhini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Fedha haikukosekana, wala mitambo, wala wasomi. Kilichokosekana ni subira ya kuisoma ardhi kabla ya kuiamuru. Wagogo na Wakaguru waliokuwa wakiishi pale walipanda mtama na uwele, wakafuga, na wakaweka akiba vihengeni, kwa sababu walijua kwamba mvua ya nchi yao ni mgeni asiyeaga. Walijua pia kwamba njaa haitokani na ukame peke yake. Kati ya mwaka 1918 na 1920 Ugogo ulipitia njaa iliyoitwa Mtunya, baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Akiba ilikwisha kuchukuliwa kabla ya ukame kufika.

Nayaleta haya leo kwa sababu nchi nzima inazungumzia kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi, na kishawishi ni kile kile cha 1947: kutafuta jibu kubwa, la haraka, linaloshuka kutoka juu. Kanda ya kati ya Tanzania inatuonyesha kwamba majibu mengi yako chini ya miguu yetu, na kwamba kinachoyakwamisha mara nyingi kiko mezani kwetu, sisi tunaokula.

Mvua ni ile ile, mwendo wake umebadilika

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka hupata wastani wa milimita 500 hadi 600. Kiasi hicho, kikigawanyika vizuri, kinatosha kumlisha mtu. Shida iko kwenye mgawanyo.

Hewa inapopata joto la nyuzi 1 zaidi, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa takriban asilimia 7. Maana yake ni kwamba mawingu yanaweza kukaa muda mrefu bila kuachia, kisha yakaachia yote kwa mkupuo. Mkulima anapanda kwa mvua za kwanza, mbegu inaota vizuri, halafu jua linarudi na kukaa wiki mbili au tatu za Januari au Februari. Mahindi wakati huo yanatoa mbelewele. Yakikosa maji katika siku hizo chache, mvua ya Machi hata ikinyesha kwa baraka zote haiwezi kurudisha punje ambazo hazikutungwa.

Na mvua ikija kwa mkupuo kwenye ardhi iliyokauka na kukosa miti, haizami. Inateremka. Maji yanayokimbia kutoka vilima vya Kongwa na Mpwapwa yanaingia mto Kinyasungwe na kupiga bonde la Gulwe na Kidete, mahali ambapo reli ya kati inapita. Januari 2010 mafuriko yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na safari za treni zikasimama. Maji yaliyong'oa mataruma huko bondeni ni yale yale ambayo wiki chache baadaye mtama wa juu ya kilima ungeyahitaji. Tunapata njaa juu na gharika chini kwa maji ya aina moja, kwa kuwa hakuna kitu kilichoyazuia njiani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, na wakulima wengi siku hizi wanausikiliza redioni. Tumezoea kusikia mvua za juu ya wastani, za wastani, au chini ya wastani. Lakini wastani unaweza kutimia huku shamba limekufa. Anachohitaji zaidi mkulima ni kujua mvua itaanza lini na vipindi vya ukavu vinatarajiwa wakati gani. Taarifa hizo hutolewa pia, na ni wajibu wa ofisa ugani kuzifikisha kijijini kwa lugha ya shamba: kata hii, mbegu hii, tarehe hii.

Shimo la sentimita 30

Kama maji yanakimbia, kazi ya kwanza ni kuyasimamisha. Katika kijiji cha Chololo, nje kidogo ya jiji la Dodoma, mkulima mmoja alibuni shimo ambalo leo linajulikana kwa jina la kijiji chake. Lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na mstari hadi mstari ni sentimita 90. Ndani yake linatiwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi, na mabaki ya mazao, kisha linafukiwa kwa udongo bila kujazwa mpaka juu. Ule udongo unaobaki unazungushiwa ukingoni kama mdomo wa chungu. Mvua ikija, kila shimo linakamata sehemu yake. Jua kali la Februari linapofika, mmea una kikombe cha maji chini ya mizizi.

Hesabu yake si nyepesi. Kwa vipimo hivyo, ekari moja inataka mashimo kama 7,500. Kuyachimba kwa jembe la mkono wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, ni kazi ya kuchosha, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Ndiyo maana bado wengi wanaberega, yaani wanakwangua magugu ya juu na kupanda bila kulima, kwa sababu ni haraka na mvua haisubiri. Anayemwita mkulima huyo mvivu hajawahi kuchimba hata mashimo mia. Wanaofanikiwa huanza na robo ekari. Mashimo yale yale hutumika tena msimu unaofuata, na eneo linaongezwa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa Dodoma kibaba hicho ni cha nafaka kweli.

Nchini Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo alifanya jambo la aina hii kwa mashimo ya zai, akafufua ardhi iliyokuwa imekufa na kuiotesha msitu. Mwaka 2018 yeye na Rinaudo walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2023, na msitu wake umesimama. Na Kongwa yenyewe, katika kijiji cha Pembamoto, malisho yaliyokuwa yamebaki udongo mtupu yamechimbwa makinga maji ya umbo la nusu mwezi, uwazi wake ukielekea juu ya mteremko. Ukiyaona baada ya mvua, kila nusu mwezi umejaa nyasi, na kati ya mmoja na mwingine ardhi bado ni nyekundu. Unaona kwa macho maji yalipokubali kukaa.

Mbegu zenye majina ya dua

Maji yakisimama, swali linalofuata ni yatamnywesha nani. Mahindi yalikuja Afrika kutoka Amerika kwa meli za Wareno. Mtama ni wa kwetu. Ushahidi wa kale kabisa wa mtama kulimwa na binadamu umepatikana mashariki mwa Sudan, na una miaka kama 5,000. Jua likizidi, mtama hukunja majani yake, nta inayoufunika inazuia unyevu kutoroka, na mmea mzima unatulia kana kwamba umelala. Mvua ikirudi unaamka na kuendelea. Mahindi hayana stahamala hiyo.

Watafiti wa Tanzania wamefanya kazi yao. Kuna mtama mweupe wa Macia, mfupi, unaowahi kukomaa, na unga wake hauna uchungu. Kuna uwele wa Okoa. Kuna mtama wa Tegemeo. Mwaka 2002 zilitolewa Hakika na Wahi, mbegu mbili za mtama zinazostahimili kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya nafaka. Okoa, Tegemeo, Wahi, Hakika: ukiyasoma majina hayo mfululizo unasikia dua ya mkulima anayetazama mawingu.

Basi kwa nini, katika mkoa huu huu wenye ukame, mahindi bado yanalimwa kwa wingi kiasi hiki, na Kibaigwa, ndani ya wilaya ya Kongwa, ni soko la mahindi linalojulikana nchi nzima?

Sababu ya kwanza inaruka. Kweleakwelea ni ndege mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, lakini kila mmoja anakula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja linamaliza tani 10 kabla ya jua kuzama. Hindi lina maganda yake, suke la mtama liko wazi. Zamani watoto walikaa juu ya dungu tangu alfajiri na makombeo yao, wakipiga kelele na kurusha udongo. Mtoto wa leo yuko darasani, na hapo ndipo anapopaswa kuwa. Anayelinda ni mama peke yake, naye ana maji ya kuchota na mgonjwa wa kuangalia. Serikali hupuliza sumu kutoka angani mazalia yanapogunduliwa, lakini sumu hiyo huua na viumbe wengine. Wilayani Kondoa wapo wanaowatega kweleakwelea kwa vikapu na kuwafanya kitoweo. Njia ya uhakika zaidi kwa mkulima mdogo ni kijiji kizima kupanda mbegu ya muda mmoja kwa wakati mmoja, ili ndege wagawane hasara badala ya kumalizia shamba la mtu mmoja aliyewahi au aliyechelewa.

Sababu ya pili iko mashineni. Mashine za vijijini zilifungwa kwa ajili ya mahindi. Mtama unataka kukobolewa kwa namna yake, la sivyo unga unatoka mweusi na mchungu, na mama anarudi kwenye kinu na mchi. Ukimwambia alime zao linalomwongezea saa mbili za kutwanga kila siku, umemwongezea mzigo na kuuita maendeleo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi.

Aibu iliyopikwa

Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa likayasafirisha na kuyasaga. Sembe ikawa chakula cha taifa, cha shule, cha jeshi na cha mjini. Mahindi yalipopungua, ulikuja msaada wa mahindi ya njano kutoka Marekani, na watu wakauita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya soka. Waliula kwa shida, wakahadithia kwa miaka. Unga ukageuka kipimo cha hadhi: mweupe ni wa watu waliofanikiwa, wa rangi ni wa njaa.

Mtama ukaangukia upande wa njaa. Nilikua nikiona hilo kwa bibi yangu, Mpwapwa. Kihenge chake kilikuwa na uwele na mtama, kimekandikwa kwa samadi ya ng'ombe hata panya asipate mlango. Ndani alikuwa na kibuyu cha mlenda mkavu uliosagwa, majani ya pori aliyoyachuma masika na kuyaanika juu ya paa la tembe ili yamfikishe kiangazi. Akipika ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, harufu ilitufuata hadi uani. Lakini akija mgeni kutoka mjini, nilitumwa dukani mbio kununua sembe. Hakutaka mgeni aone tunakula nini. Nikiwa mtoto sikuelewa. Leo naelewa kwamba bibi alikuwa na benki ya chakula ndani ya nyumba, na sisi tulimfundisha kuionea haya. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Aibu hiyo ina gharama inayohesabika. Mahindi yaliyodhoofishwa na ukame shambani, kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, ni makao mazuri ya kuvu inayotoa sumukuvu. Sumu hii haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mlipuko wa sumukuvu uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Walikuwa wamekula mahindi, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe. Karanga nazo hupatwa sana, na mtama usiokaushwa vizuri hauna kinga kamili, lakini funzo ni wazi: tabianchi inaingia nyumbani kwa mlango wa ghala pia. Kukausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kutenga punje zilizooza, kutumia mifuko isiyopitisha hewa, hizo nazo ni kazi za kuhimili tabianchi, sawa na kuchimba shimo.

Kitambaa chetu

Kila ukame ukija, viongozi husimama na kuwahimiza watu wa Dodoma na Singida walime mtama, uwele na mihogo. Wito huo ni wa kweli, lakini unasemwa kwa upande mmoja tu. Mkulima akiuitikia, akachimba mashimo yake, akalinda ndege mwezi mzima, akavuna magunia 10 ya mtama, halafu akamkosa mnunuzi, msimu ujao atarudi kwenye mahindi, na atakuwa na haki.

Dalili njema zipo. Viwanda vya bia hununua mtama mweupe, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mtama pamoja na mahindi. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa wa nafaka za jamii ya mtama na uwele. Lakini soko la bia pekee haliwezi kuibeba nchi. Mtama utasimama pale mwanafunzi wa Dodoma atakapounywa uji wake shuleni, pale hoteli za makao makuu ya nchi zitakapouweka ugali wa uwele kwenye orodha ya chakula bila kuuita chakula cha asili kana kwamba umetoka makumbusho, na pale mashine ya kukoboa mtama itakapofungwa kwenye kata kwa kipaumbele kile kile cha kufungua barabara. Mbegu bora nazo zifike dukani kijijini kabla ya Novemba. Mbegu inayofika Januari inakuta mvua za kwanza zimekwisha kupita.

Nimerudi tena na tena akilini kwenye kile kipande cha kitambaa kinachofungwa kwenye chipukizi. Hakina nguvu ya kuzuia panga wala meno ya mbuzi. Kinafanya kazi kwa sababu kinasema kwamba yupo mtu anayelisubiri chipukizi hili. Sisi tunaoishi mijini hatuchimbi mashimo 7,500, wala hatulali na mawazo ya ndege. Lakini kilo moja ya unga wa mtama tunayoibeba Jumamosi kutoka sokoni ni kitambaa chetu. Inamfikia mkulima wa Kongwa na kumwambia kwamba anachokilinda kina mtu anayekisubiri.